Tupu Si Uongo

Siku ya tisa baada ya kumzika Papa, Mama aliniita chumbani kwake, akaingiza mkono chini ya kitanda na kuvuta mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba. Nilipoufungua ikatoka harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utoto: karatasi yenye unyevu, mafuta ya taa, na sambaza waliokaushwa juani. Wale samaki wadogo hawaachi kitu walichokigusa. Papa aliweka kaye zake, madaftari ya kazi, kwenye kona moja na magunia ya biashara ya Mama, na Mama alimgombeza kwa hilo tangu nilipopata akili. Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda akiziangalia zile kaye bila kuzigusa.

"Chukua," akaniambia. "Weye njo ulijua kusoma bile bintu yake."

Kaye zilikuwa kumi na moja. Nilijua ipi inanihusu hata kabla sijaishika, na kwa sababu hiyohiyo niliufunga tena ule mfuko, nikaubeba hadi kwangu, ukakaa juu ya kabati mwezi mzima. Mimi si mwoga. Nimezaa watoto watatu katika mji huu, mmoja wao mabomu yakilia. Lakini kaye ya kurasa mia ilinishinda, na kila nilipopita chini ya lile kabati nilihisi kama kuna mtu anayesubiri nimkaribishe kiti.

Ninyi mliokulia Goma wakati mmoja nami mnajua kwamba mji wetu hauna mto. Mvua inyeshe wiki nzima, maji yanazama kwenye mawe ya volkano na kupotea, nasi tunashuka ziwani na bidoni, madumu yetu ya maji, tupu kana kwamba haikunyesha. Watu wa miji mingine wana mto wa kulaumu. Sisi tuna ziwa tu, na ziwa halipiti mbele ya macho yako kwenda popote. Linakaa, linapanda kidogo, linashuka kidogo, na mtu asiyelipima ataapa kwamba halijabadilika tangu azaliwe. Papa alikuwa mtu wa kulipima. Mto unaotoka ziwani huko Bukavu una mabwawa ya umeme, na wenye mabwawa walitaka kujua maji waliyonayo mgongoni. Basi palikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na watu wachache waliotawanyika ufukweni, na wa Keshero, mtaa wetu, alikuwa yeye. Saa moja asubuhi, saa kumi na moja jioni, Jumapili na Krismasi zikiwemo.

Kipimo chenyewe kilikuwa bamba la chuma, jeupe, lenye mistari myeusi na namba, kama rula ya shule iliyosimamishwa ndani ya maji. Lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya saruji iliyobaki ya gati la zamani, hatua chache kutoka ukingoni, na maji ya hapo yalikuwa na kina cha kutisha tangu jiwe la kwanza. Gati hilo lilikuwa chini ya bustani ya nyumba kubwa ambayo mwenyewe alihamia ng'ambo. Palikuwa na ukuta mrefu, mlinzi mmoja mzee, na mlango wa chuma wenye kufuli. Ufunguo mmoja alikuwa nao mlinzi. Mwingine Papa aliuvaa shingoni, kwenye uzi mmoja na rozari yake.

Kwa Kifaransa kipimo hicho kinaitwa échelle, na kwetu kila mtu alisema echeli. Papa alikwenda kusoma echeli. Sasa shuleni tulifundishwa kwamba échelle ni ngazi. Kitabu chetu kilikuwa na picha ya mwanamume aliyepanda ngazi akichuma avoka. Nikaunganisha mambo hayo mawili kama mtoto anavyounganisha. Ziwani mlikuwa na ngazi, na kila asubuhi Papa alikwenda kuona kama kuna aliyepanda. Jioni akirudi alimwambia Mama, imepanda mbili, au imeshuka moja, na Mama aliitika bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, kana kwamba ni habari ya kawaida kabisa.

Siku moja nikamwuliza Mama ni nani hao wanaopanda. Alikuwa anachambua maharage, na Mama akichambua maharage lazima atanie. "Bale benye kuzama," akasema. "Banatafuta njia ya kurudia kwabo."

Nadhani alitaka tu nisiende kucheza majini. Kila mama wa Keshero alikuwa na lake la kumtisha mtoto, na mengi niliyoambiwa nimeyasahau. Hilo niliondoka nalo. Hata baada ya kukua kidogo na kujua kwamba kinachopanda ni maji, liliendelea kukaa ndani yangu, kama vile mtu anavyojua kwamba hakuna kitu nyuma ya choo na bado anapita mbio.

Nilipofika miaka tisa Papa alianza kunichukua. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, yangu yalikuwa makali, na nadhani alipenda kuwa na mtu wa kumweleza kazi ambayo hakuna mwingine aliyeijali. Tulichuchumaa kwenye jiwe moja, daima lilelile, tukahesabu mawimbi kumi. Unaangalia wimbi linapanda hadi mstari gani, linashuka hadi upi, unachukua katikati. Alisema ziwa linapumua. "Usisome pumuzi," aliniambia, "soma kifua." Kisha aliandika kwenye kaye: tarehe, saa, namba, na katika safu ya mwisho maneno machache juu ya alichokiona. Upepo wa kusini. Mvua usiku. Mbuzi amekufa majini. Namba zake zilikuwa na sura: moja ilikuwa na pua ndefu, saba ilikuwa na mkanda tumboni. Nilizipenda nikaziiga, hata ikawa mwalimu wangu wa hesabu anasema ninaandika kama muzee wa biro, yule wa ofisini.

Alikuwa na sheria moja tu, kuandika ulichokiona na si kingine, na aliirudia kila alipomtaja mwenzake fulani wa ufukwe mwingine aliyekuwa akikaa kwenye bia na kujaza namba za wiki nzima kwa mkupuo. Papa, ambaye hakumchukia hata jirani aliyetuibia kuku, alimchukia huyo. Alinifundisha hata namna ya kumkamata mtu wa aina hiyo. Anayetunga hutunga karibu na jana, alisema; anapanda moja, anashuka moja, hathubutu kuruka. "Ziwa ya muongo haina upepo."

Halafu ikaja ile wiki. Vita vile, si hivi. Tumekuwa na vingi mpaka tunalazimika kuvitofautisha kama watoto wa jina moja. Watu walishuka kutoka Kibati na magodoro kichwani, wakapita mjini siku mbili mfululizo wakielekea Mugunga, na kaka yake Papa, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, hakuwa miongoni mwao. Shule zilifungwa. Mlinzi wa ile nyumba kubwa aliondoka bila kuaga. Papa alisimama barabarani siku ya kwanza, akasimama siku ya pili akiuliza kila aliyemfahamu, na asubuhi ya tatu akavaa viatu vyake vya kanisani, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa na soli nzima, akasema anapanda kumtafuta.

Mama hakubishana naye. Yeye alitoka alfajiri kwenda soko la Kituku kupokea samaki na kurudi mchana, kwa hiyo Papa aliponiita uani nilijua anataka nini. Alivua ule uzi, akatoa rozari akairudisha shingoni mwake, akanivisha ufunguo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kile chuma kilikuwa na joto la kifua chake.

"Kavira," akasema, "kama haukufika, acha tupu. Tupu haiko uongo. Uongo ni kuandika kenye haukuona."

Siku ya kwanza nilisoma mita moja na arobaini na mbili, asubuhi na jioni. Siku ya pili vilevile. Nitakuwa mwongo nikisema niliogopa. Nilijiona mkubwa. Nilitembea na ile kaye kifuani barabarani ili watu waione, na jirani mmoja aliponiuliza nakwenda wapi wakati kama huu nilimjibu kwa Kifaransa kwamba niko kazini. Nilifungua kufuli, nikashuka kwenye mawe, nikachuchumaa mahali petu, nikahesabu kumi. Nikafunga tena na kulivuta lile kufuli mara mbili kama Papa, moja kwa ajili ya wezi na moja kwa ajili ya kutulia moyo.

Jioni ya pili upepo ulianza kutoka kusini, na usiku mvua ikapiga mabati mpaka Mama akashindwa kusali kwa sauti. Asubuhi kulikuwa na utulivu na baridi. Mama alikwisha kwenda. Mvua ilikuwa bado inadondoka kidogo, nami nilijifunika gunia kichwani na kwenda.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kabichi. Zilikuwa tano au sita, kubwa, za Minova, zinaelea kati ya mawe zikigongana taratibu. Nilifurahi. Nilifikiri nitamaliza kusoma kisha nizivute kwa kijiti, na Mama akirudi akute jiko limejaa. Basi nikachuchumaa kwenye jiwe letu, nikayaweka macho kwenye echeli, nikaanza kuhesabu mawimbi. Ziwa lilikuwa limesukumwa na upepo. Kifua chake kilikuwa kwenye arobaini na sita. Nilikuwa nimefika wimbi la saba au la nane nilipoona kwamba juu ya namba, kwenye ukingo wa bamba, kulikuwa na vidole vinne.

Nilidhani ni tope. Nikaendelea kuhesabu, hivyo ndivyo akili inavyofanya. Kisha nikaona nywele zilizosukwa, zimebanwa kwenye nguzo, na kitenge cha bluu na njano kilichotanda majini nyuma ya nguzo kama kimeanikwa. Vile vidole vikaachia. Vikasogea juu kwa mstari mmoja, miwili, vikashika tena.

Wenye akili zao mtasema: huyo ni mtu anayezama, ameshika chuma. Hata mtoto wa miaka sita angejua. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja na nilijua kusoma katikati ya pumzi za ziwa, na nilichokiona ni mmoja wa wale waliozama, na amepata ngazi, na anapanda. Aligeuza uso. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mutoto." Alilisema polepole, kama mama wa jirani anavyokuita umnunulie chumvi.

Nikakimbia. Nilipanda yale mawe kwa mikono na miguu, nikatoka, nikaufunga mlango wa chuma, nikatia kufuli. Nikalivuta mara mbili.

Nyuma ya ukuta nilichuchumaa, nikafungua kaye kwenye goti, nikaandika tarehe, saa moja, 1,46. Mpaka leo sielewi kwa nini. Labda kwa kuwa Papa alisema nisikose. Mkono uliandika moja yenye pua, nne, sita, vizuri kabisa, kwa mwandiko wake. Safu ya mwisho, ya mambo yaliyoonekana, sikuandika kitu. Kisha nikaenda nyumbani, nikakaa nyuma ya mlango na magunia ya samaki, nikisikiliza kama kuna nyayo zenye maji zinazonifuata.

Mama alirudi mchana na habari. Mtumbwi wa soko uliotoka Minova ulipinduka usiku ndani ya upepo, na mvuvi mmoja wa Keshero, akipita saa sita, alimkuta mwanamke kwenye echeli ya Papa. Alikuwa amekwisha kufa, lakini si zamani. Mvuvi alisema viungo vyake vilikuwa bado vinakunjika, na vidole ilibidi avitoe kwenye chuma kimoja kimoja. Mama aliyasema hayo akiwa amesimama, kapu bado kichwani.

"Kama mulinzi angekuwako," akasema. "Kama kungekuwa hata mutu moja tu mule ndani."

Kisha akanigeukia. Akaniuliza kama nilikwenda kusoma asubuhi. Nilimwambia hapana, ni kwa sababu ya mvua. Akashusha kapu, akafanya ishara ya msalaba, akasema Mungu amenikinga nisione kitu kile. Nilikula wali wa siku hiyo. Nalikumbuka hilo kuliko machozi yoyote, kwamba nilikula na nikaongeza.

Baada ya hapo ilikuwa uongo unaozaa uongo, nao hauna mimba ndefu. Sikuweza kurudi kule. Lakini nikiacha tupu, Papa angeuliza kwa nini tupu inaanzia pale, na arobaini na sita ilikwisha kuandikwa kwa wino. Basi jioni nikaandika arobaini na saba. Asubuhi arobaini na sita. Jioni arobaini na tano. Niliandikia nyuma ya mlango, kwa saa zake kamili, moja zikiwa na pua na saba na mkanda.

Papa alirudi siku ya tatu tangu ile asubuhi. Alikuwa amemlaza kaka yake juu ya chukudu aliyokodi kwa mtu, baiskeli ile ya mbao ya kubebea viazi, akaisukuma kutoka Kibati akiwa amevaa viatu vya kanisani ambavyo havikuwa viatu tena. Mama alimwagia maji, akampa chakula, akamsimulia juu ya yule mwanamke. Alisikiliza bila kuacha kutafuna. Kisha akanawa mikono, akaomba kaye.

Nilisimama mbele yake. Kidole chake kilishuka kwenye safu taratibu kama kawaida, kikapita zile arobaini na mbili, zote nne, kikafika arobaini na sita. Kikasimama hapo. Kikaendelea kushuka hadi mwisho, kikapanda tena kikasimama palepale. Aliuliza kama zile za chini nilizisoma. Nikaanza kulia, nikasema hapana, nilizitunga, niliogopa kwenda. Mama akadakia kwamba mutoto alikuwa na haki ya kuogopa, kwani hata yeye asingekwenda.

Papa alikuwa ananiangalia mimi.

"Na hii?" akauliza, kidole kwenye arobaini na sita. "Uliisoma, ao uliitunga?"

Ilikuwa namba ya kweli pekee kwenye nusu ile ya ukurasa. Nikisema niliisoma, basi nilikuwa pale, na kama nilikuwa pale niliona, na kama niliona niliondoka. Mama alikuwa anasikiliza.

"Nayo nilitunga, Papa."

Aliniangalia kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu mawimbi kumi. Alikuwa na mkono mzito na nilikuwa nimejiandaa. Lakini alichukua rula na biki nyekundu, akapiga mstari juu ya arobaini na sita, akapiga juu ya zote zilizofuata, na pembeni akaandika neno moja la Kifaransa, lacune. Aliniambia maana yake ni shimo, mahali ambapo kazi haikufanyika. Kisha akanyoosha mkono akaomba ufunguo wake, nami nikauvua. Hakunituma tena kusoma echeli, na sikumwomba.

Watu wa mtumbwi ule walichukuliwa na ndugu zao, mmoja baada ya mwingine. Yule wa kitenge cha bluu na njano hakuulizwa na mtu. Parokia ilimzika, msalaba wa mbao bila jina. Kila siku ya marehemu wote, tulipomaliza makaburi ya watu wetu, Papa alitupeleka kwenye msalaba ule, akawasha mshumaa, akanipa mimi niushike. Si Mama, si baba mukubwa na mguu wake. Mimi. Nta ilinidondokea vidoleni na sikuthubutu kubadilisha mkono. Nilijiambia anafanya hivyo kwa sababu alifia kwenye kipimo chake, jinsi mtu anavyojisikia na deni kwa mgeni aliyefia uani kwake.

Nimekua, nimeolewa, nimekuwa mwalimu wa hesabu kama mnavyonijua. Ninaishi mwendo wa robo saa kutoka ziwani na sishuki. Maji nanunua kwa vijana wa bidoni, na majirani wanacheka kwamba nimekuwa mzungu. Picha za harusi yangu, ambazo kila bibi harusi wa Goma anapiga ufukweni, nilipiga mbele ya benki. Na watoto wangu nawaita kwa majina yao, daima. Siku moja tu, mkubwa akiwa mdogo bado, niliinama dirishani kumtuma chumvi nikamwita mutoto, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Nilikaa chini jikoni mpaka sufuria ikaungua.

Wiki iliyopita niliushusha ule mfuko. Nilifanya mchana, watoto wakiwa shuleni. Ile kaye ilifunguka yenyewe kwenye ukurasa ule, na hilo pekee lilinipa baridi, maana kaye hufunguka pale ilipofunguliwa mara nyingi. Mstari mwekundu ulikuwapo, umefifia ukawa wa rangi ya udongo. Lacune ilikuwapo. Lakini mbele ya saa moja ya asubuhi ile, juu ya namba iliyokatwa, kulikuwa na nyingine, ya wino wa bluu, ndogo, ya mkono wa Papa kweli. 1,46. Na katika safu ya mwisho, kwenye ukingo wake wa kushoto, aliandika: lu par K. Imesomwa na K.

Nilikaa nayo mapajani nikajicheka, kicheko kibaya. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu hesabu. Kutoka arobaini na mbili kwenda arobaini na sita ni kuruka nne. Nani atunge kuruka nne? Alikuwa amenifundisha mwenyewe, anayetunga hutunga karibu na jana. Arobaini na saba, arobaini na sita, arobaini na tano, hilo lilikuwa ziwa la mwongo, halina upepo. Ile moja ilikuwa na upepo wote wa usiku ule ndani yake. Alijua tangu kidole kiliposimama. Aliniuliza akijua, na nilipomjibu alinipigia mstari niliouomba, kisha siku nyingine, sijui lini, akarudi peke yake akaufuta kwa namna yake, kwa sababu namba ilikuwa ya kweli na hakuweza kuiacha imekatwa. Na mshumaa akanipa mimi.

Sijui kama alinisamehe. Kaye haina safu ya hilo. Ninajua kwamba baada ya lu par K. nafasi iliyobaki ni ndefu kama kidole changu, na ni tupu. Papa, ambaye aliandika hata mbuzi, hakuandika mwanamke. Hakumwona. Aliyemwona alikuwa mwingine.

Nikaenda kwa Mama na ile kaye chini ya kitenge. Alikuwa kwenye benchi, ungo wa maharage mapajani, macho yake siku hizi ni ya vidole tu. Nikamwambia yote, tangu kabichi. Nilimwambia juu ya vidole, na kufuli, na wali, na ile nafasi tupu baada ya lu par K. Aliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye kufuli, ndipo mikono ikatulia.

"Uliniambia haukuenda," akasema.

"Nilikuambia hivyo, Mama."

Nilingoja aseme kwamba nilikuwa mtoto, kwa kuwa ndivyo kila mtu angesema, na nilikuwa tayari kumkasirikia akisema. Hakusema. Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa.

"Njo mimi nilikuambia banapandaka," akasema. Kisha, "Alikuwa muzima?"

Nikaitika kwa kichwa, nikakumbuka kwamba haoni vizuri, nikasema ndiyo.

"Basi andika. Papa yako alikuachia nafasi."

Biki niliyokuwa nayo ni nyeusi, haifanani na chochote kwenye ukurasa ule. Niliiweka kaye kwenye goti kama nyuma ya ukuta. Moja zangu siku hizi hazina pua, na sikujaribu kuuiga mwandiko wa mtu. Niliandika: Mama moja ku echeli. Alikuwa muzima. Aliniita.